Supavaiza anasema nichague, vifaa tiba au netiweki. Na huyu Wesley Clark alichagua nini?

kijana_wa_Ntinda

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Niko mwaka wa tatu uhandisi wa vifaa tiba, sasa hivi niko intanshipu kwenye hospitali moja, jina naliacha maana bado nataka wanisainie fomu. Mambo yako hivi. Maabara kuna mashine ya damu, ile ya kuhesabu chembe, inatoa majibu kwenye kikaratasi kama risiti ya supamaketi, dada wa maabara ananakili kwenye rejista, jioni karani anachukua rejista anaingiza kwenye kompyuta. Namba moja inapita mikono miwili kabla haijafika kwa daktari. Juzi pletileti za mtoto, zile chembe za kugandisha damu, zilikuwa 45 zikafika wodini 450, kasifuri kamoja tu, bahati nzuri daktari alimwangalia mtoto kabla ya kuangalia karatasi.

Mimi nikachungulia nyuma ya mashine nikaona kuna portu ya serial, tundu la waya wa kutolea data, imejaa vumbi, haijaguswa tangu mashine ishuke kwenye lori. Nikaenda kwa mtu wa IT nikamwambia ssebo, tuweke programu kwenye seva yako isome hii mashine moja kwa moja. Banange! Aliniangalia kama nimemwomba figo. Ati seva imelemewa, ikianguka nani atajibu, na nani ataisimamia nikimaliza intanshipu nikaenda zangu. Kurudi kwa supavaiza, naye ananiambia wewe ni mtu wa vifaa tiba, mambo ya netiweki waachie wenyewe, maishani lazima uchague moja ulijue.

Sasa muhula uliopita tulipitishwa mbio mbio kwenye slaidi ya historia, kuna mtu anaitwa Wesley Clark, mstari mmoja unasema alitengeneza kompyuta ya maabara za tiba, mstari wa chini yake unasema ana mkono kwenye ARPANET ambayo ndiyo ilizaa intaneti. Nilidhani ni watu wawili wenye jina moja. Kama ni mtu mmoja basi aliwezaje, na alisomea nini? Anayemjua vizuri anisaidie, nina prezentesheni pia, lakini kusema kweli nauliza kwa ajili yangu mwenyewe.

fundi_mstaafu

Marahaba mwanangu. Ni mtu mmoja huyo huyo. Mimi nimeshika bisibisi kwenye mashine za hospitali zaidi ya miaka thelathini na huyu mzee nampenda sana kwa hiyo nitaandika mrefu, kaa chini.

Kwanza hakusomea udaktari wala hiyo unayosoma wewe, haikuwepo. Alizaliwa 1927, akasoma fizikia Berkeley kule California akamaliza 1947, akafanya kazi kidogo kwenye mtambo wa nyuklia wa Hanford, halafu mwanzoni mwa miaka ya 50 akaingia chuo cha MIT kwenye mradi wa kompyuta ya Whirlwind. Hiyo Whirlwind ilikuwa ya valvu, ilijaza jengo. Baadaye kwenye maabara ya Lincoln ya MIT akabuni TX-0 na TX-2, kompyuta za transista, akiwa pamoja na Ken Olsen ambaye mwaka 1957 aliondoka akaanzisha kampuni ya kompyuta ya DEC. Kuna kitu hapo alikiona kikamkaa moyoni. Siku zile kompyuta ilikuwa kama ofisi ya mkuu wa wilaya, unaandika kadi zako, unampa mhudumu dirishani, unarudi kesho unaambiwa umekosea koma. Yeye akaonja kukaa peke yako mbele ya mashine, unaiuliza, inakujibu hapo hapo. Tangu hapo hakutaka tena habari ya dirisha.

Ubongo nao ulimvuta mapema. Mwaka 1954 yeye na mwenzake Belmont Farley waliendesha kwenye kompyuta mfano wa neti ya nyuroni inayoiga seli za ubongo, hizi neti ambazo leo kila mtu anaziimba, miongoni mwa za kwanza kabisa duniani. Na pale MIT kulikuwa na watu wanachunguza ubongo unavyosikia sauti. Shida yao ilikuwa hivi, ukiweka elektrodi kwenye kichwa ukapiga sauti "ta!", jibu la ubongo ni dogo sana, limezama ndani ya kelele za umeme kama mtu anayenong'ona sokoni Owino siku ya Jumamosi. Dawa yake ni kupiga ile "ta!" mara mia, kila mara unarekodi, halafu unachukua wastani. Kelele kwa sababu haina mpango inajifuta yenyewe, na jibu kwa sababu linakuja kila mara kwa wakati ule ule linabaki. Clark akawatengenezea kimashine cha kazi hiyo moja tu, 1958. Hebu fikiri, hicho ni kifaa tiba au ni kompyuta? Mwambie supavaiza akujibu.

Lakini kimashine kinachojua kazi moja kinachosha. Mwaka 1961 akaanza kubuni LINC, kompyuta ndogo ya maabara. Masharti aliyojiwekea ndiyo yananifurahisha mpaka leo. Iwe fupi kiasi kwamba uweze kuona upande wa pili juu yake. Bei iwe kama dola 25,000, si kwa sababu ya hesabu za uhandisi, ni kwa sababu hiyo ndiyo pesa ambayo mkuu wa maabara angeweza kusaini mwenyewe bila kupanda ngazi kuomba ruhusa! Mtu aliyewahi kuandika rekwizisheni ya fyuzi akasubiri miezi minne anaelewa ninachosema. Mwishowe ilizidi, ilifika dola elfu arobaini na kitu, lakini unaona akili yake ilikuwa wapi. Ilikuwa na skrini ndogo, kibodi, vitufe vya kuzungusha, matundu ya kuingiza waya za ishara kutoka kwa mgonjwa au mnyama, na kitepu kidogo ambacho mtafiti anatoa anatia mfukoni anaenda nyumbani na kazi yake. Maneno ya biti 12, memori ya kwanza maneno 1,024. Simu yako ya kitochi inacheka.

1962 yeye na mwenzake Charles Molnar wakaibeba mpaka kwenye taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, Bethesda. Wakaiunga na paka mwenye elektrodi, na yale majibu ya ubongo yakaanza kuonekana kwenye skrini wakati ule ule paka anasikia sauti. Watafiti walicheza ngoma kuizunguka ile mashine, wazee wazima na koti zao. Kiangazi cha 1963 wakachaguliwa watafiti kutoka maabara kumi na kitu, wakaitwa Cambridge Massachusetts, kila mmoja akapewa LINC yake ikiwa vipande, aiunge mwenyewe kwa mkono wake. Madaktari na watu wa fiziolojia! Ukiiunga mwenyewe, ikiharibika huogopi kuifungua. Sisi hapa mashine inakuja imefungwa stika ya "usifungue", mtaalamu anapanda ndege kuja kubadilisha mkanda wa mpira.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Chai inapoa, narudi jioni na ya netiweki, nayo itakugusa zaidi maana ugomvi wako na mtu wa IT ulishatokea 1967.

Namukasa_koda

Mzee umesimulia vizuri ila wanaume mnasahau. Kuna Mary Allen Wilkes! Huyu alisomea falsafa, alitaka kuwa mwanasheria wakamkatisha tamaa kwamba wanawake hawaajiriwi, akaingia Lincoln 1959 akajifunza kuprogramu pale pale kazini. Kabla LINC haijaungwa hata skrubu moja yeye aliandika programu kwenye TX-2 iliyojifanya ni LINC ili wajaribu kama itafanya kazi. Halafu 1965 hakutaka kuwafuata wenzake waliohamia St. Louis, wakamtumia LINC nzima nyumbani kwa wazazi wake Baltimore, ikawekwa sebuleni, akaandika LAP6 akiwa hapo, mfumo wa kuendeshea hiyo mashine ndani ya memori ya maneno 2,048. Watu wengi humhesabu ndiye wa kwanza kuwa na kompyuta binafsi nyumbani. Baadaye akaenda zake Harvard akasoma sheria akawa wakili kama alivyotaka tangu mwanzo.

Kwa hiyo kijana wa Ntinda, ukiambiwa chagua moja mwambie kuna dada alikuwa na falsafa, kompyuta na sheria na hakuna aliyemkamata.

Opio_wa_Tororo

Sitaki kuwa mtu mbaya hapa lakini msimpambe sana. Hiyo maabara ya Lincoln ilikuwa ya ulinzi wa anga wa Marekani, pesa za jeshi zinamwagika, ndiyo maana wangeweza kukaa wanawaza paka. LINC yenyewe ililipiwa na NIH na NASA. Nani anakulipia wewe hapa? Na huyo Clark mwenyewe alikuwa akijisifu kwamba alifukuzwa MIT mara tatu kwa ukaidi. Yeye akifukuzwa anarudishwa. Wewe jaribu kubishana na supavaiza mara moja tu uone kama fomu itasainiwa.

Halafu na hiyo ya intaneti tuseme ukweli, kukata ujumbe vipande vipande na kuvituma kila kimoja na njia yake ni wazo la Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mtu kivyake. Kujenga walijenga vijana wa Frank Heart kwenye kampuni ya BBN. Clark alisema sentensi moja akashuka garini. Mimi ningesema achague netiweki, ajira ipo, kampuni za simu zinalipa. Vifaa tiba utakaa kwenye karakana chini ya ngazi unabadilisha plagi za taa za wodi.

fundi_mstaafu

Opio unanichokoza lakini umesema ukweli mwingi, hasa hiyo ya plagi nimebadilisha nyingi. Nimerudi, na ninaanzia hapo hapo kwenye gari.

Aprili 1967, Ann Arbor, Michigan. ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, imewaita wakubwa wa vyuo vyote inavyovipa pesa za kompyuta. Larry Roberts, msimamizi wa mradi wa netiweki pale ARPA, anasimama anawaambia, tunataka kompyuta zenu zote ziongee, kwa hiyo kila mmoja ataweka kwenye mashine yake kubwa programu ya netiweki. Wakubwa wakanuna. Mashine yangu tayari watu wanaigombania, leo uniongezee mzigo wa kupokea ujumbe wa watu wengine? Ikianguka nani atajibu? Kijana, hayo maneno umeyasikia wapi? Mtu wako wa IT si mbaya, anazungumza kama maprofesa wa 1967, tena hana kosa, seva kweli imelemewa.

Clark amekaa kimya mkutano mzima. Mwishoni akampa Roberts kikaratasi, kwamba netiweki yako umeigeuza ndani nje. Kwenye gari kuelekea uwanja wa ndege akafafanua, ziache zile mashine kubwa na kazi zao. Mbele ya kila moja weka kompyuta ndogo, zote ndogo zifanane, na hizo ndogo ndizo ziongee zenyewe kwa zenyewe. Kila chuo kitahangaika kuongea na kile kidogo kilichopo mlangoni kwake tu, basi. Roberts akauliza sasa nani anaweza kutengeneza, Clark akamtaja Frank Heart. Hizo kompyuta ndogo za mlangoni wakaziita IMP. BBN wakapata kandarasi mwisho wa 1968, Septemba 1969 ya kwanza ikaungwa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, ndani yake ni kompyuta ya Honeywell DDP-516, na Oktoba 29 wakajaribu kuandika "login" kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford, zikafika herufi mbili tu, L na O, mfumo ukaanguka. Mwisho wa mwaka vituo vikawa vinne.

Opio unasema sentensi moja. Sawa. Lakini ile sentensi ilitoka wapi? Waliokuwa kwenye kile chumba wengi walikuwa watu wa mashine kubwa, kwao jibu la kila kitu ni mashine kubwa ifanye na hiki pia. Clark alikuwa ametoka miaka sita kuweka kompyuta ndogo karibu na paka ili mtafiti asisubiri dirishani. Tatizo jipya lilipokuja mkono wake ulikwenda kule kule ulikozoea. Kwa hiyo mwanangu, kama unauliza alichagua nini, mimi naona hakuwahi kuhama kazi. Kila mara alikuwa anaweka kimashine kidogo pale kazi inapofanyika.

Ya mwisho, 1964 MIT ilishindikana, wakahamia na LINC yao Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, karibu na shule ya udaktari. Alikufa Februari 2016 akiwa na miaka 88. DEC ya Olsen iliuza LINC na watoto wake kwa miaka, LINC-8 na PDP-12.

Nnalongo_wa_data

Nimesoma nikacheka peke yangu kwenye taksi, watu wananitazama. Hiyo ya kimashine mlangoni sisi tuliiona hapa hapa Uganda. Kuanzia 2003 kulikuwa na mradi wa UHIN, netiweki ya habari za afya Uganda, shirika la SatelLife wakishirikiana na watu wa Makerere, mimi nilikuwa mdogo kazini wilaya ya Rakai. Tulipewa zile kompyuta za mfukoni za kugusa na kalamu, unajaza fomu za wagonjwa kwenye zahanati ambako hakuna umeme wala laini ya simu ya waya. Ukifika kituo cha afya kuna kisanduku kimewekwa, unakielekezea kompyuta yako kama rimoti ya tivii, kinameza data, chenyewe kina betri na laini ya simu ndani, kinatuma Kampala kikipata netiweki na kinakuletea huku habari za matibabu za kusoma. Netiweki ikikatika hakigombani na mtu, kinasubiri. Sikujua kama ni ukoo wa huyo mzee.

Tena Opio, waliokuwa wanahudumia vile visanduku ulitaka kuwaita nani, watu wa vifaa au watu wa netiweki? Walikuwa wanapanda boda na tochi na mkoba wa zana, wanarekebisha kilichoharibika.

Opio_wa_Tororo

Hahaha nimeshindwa. Ila pesa bado swali.

labtek_Mbarara

Nimekuja na mambo ya mikono. Kijana hiyo kazi yako inawezekana kwa pesa ndogo, nimeifanya mara mbili. Achana kabisa na seva ya watu. Tafuta Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha bei nafuu, hata ya zamani, iweke juu ya kabati pembeni ya mashine, hiyo ndiyo IMP yako. Waya wa serial kutoka kwenye mashine unaingia kwa kigeuzi cha kwenda USB. Soma kitabu cha mashine uone spidi ya portu, nyingi ni 9600, na uone inatumia lugha gani, nyingi za damu zinatumia ASTM. Iko hivi, mashine inabisha hodi kwa herufi moja ENQ, usipoitikia ACK inanyamaza na wewe unadhani portu imekufa. Mimi nilipoteza siku mbili hapo. Ukiitikia inaanza kumwaga mistari ya majibu, kila mstari unaitikia tena, mpaka iage na EOT.

Kipai kiandike kila jibu kwenye kadi yake ya memori kwanza, ndipo kitume. Umeme ukikatika, na utakatika, majibu yapo. Mtu wa IT muombe kitu kimoja tu, folda moja ya kudondoshea faili. Hilo hatakataa, halina mzigo. Na rejista ya karatasi USIIONDOE, miezi mitatu linganisha karatasi na faili kila jioni na huyo dada wa maabara, yeye ndiye atakayekutetea kwa wakubwa si supavaiza.

Na nambari ya sampuli, angalia sana. Kama wanaandika 1, 2, 3 kila asubuhi upya, kompyuta itampa mgonjwa wa leo damu ya jana. Anzia hapo kabla ya waya.

kijana_wa_Ntinda

Wakubwa nimekosa maneno, asanteni. Mzee fundi hiyo ya kwamba hakuhama kazi nimeiandika kwenye daftari. Nimeenda leo kuangalia nambari za sampuli na labtek umesema kweli, wanaanza 1 kila asubuhi! Dada wa maabara nimemuonyesha akasema hata yeye inamkera, kesho tunaanza kuweka tarehe mbele. Mtu wa IT nimemuomba folda tu, akauliza "basi?" nikasema basi, akasema sawa nitakupa.

Pai nimeazima kwa mwanadarasa. Iliyobaki ni kebo ya serial, nimezunguka maduka ya Kampala Road wananiuzia za printa. Kitabu kinasema niwe na ile iliyogeuzwa, ya 2 na 3 zimepishana.

fundi_mstaafu

Usinunue. Njoo Wandegeya Jumamosi saa nne, ninayo kwenye ndoo, ya modemu ya zamani. Beba kishomeo maana changu kimeungua, tutapishana hizo waya wenyewe. Na rolex mbili za chapati, mayai matatu matatu.